Chupa ya Pili: Kufundisha Upumuaji wa Seli katika Shule ya Msingi

Miongoni mwa mada za Sayansi ambazo mwalimu wa shule ya msingi huzifundisha kwa haraka na kuziacha kwa furaha, mada ya upumuaji haikosi kuwamo. Mwalimu huchora mapafu ubaoni, huonyesha pua, koo na mbavu, huwaagiza wanafunzi wavute pumzi na kuitoa, kisha huandika kwamba viumbe hai hupumua ili wapate kuishi. Kengele hulia, na kila mtu huridhika. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba katika somo la namna hiyo jambo lenyewe halijafundishwa bado. Na kwamba mimi niandikaye, niliyekwisha kuwaelekeza walimu wanafunzi kwa miaka kadhaa namna ya kulifundisha, nililielewa vyema siku niliposhindwa mbele yao.

Ugumu wa kwanza umo katika lugha. Neno kupumua, kwa msemaji wa Kiswahili, ni kazi ya pua na kifua. Ni ndugu wa pumzi, wa pumu na wa kupumzika. Aliyekimbia husimama ili apumue. Hivyo mtoto anaposikia kwamba mti hupumua, huutafutia mti pua. Na akiambiwa kwamba hata mbegu ya harage hupumua, ama hucheka, ama hukariri bila kusadiki. Katika mazoezi ya kufundisha nilipata kumsikia mwanafunzi wa Darasa la Tano akiuliza, "Mwalimu, mbegu inapumulia wapi?" Mwalimu mwanafunzi aliyekuwa akifundisha alimjibu kwamba swali hilo ni la sekondari. Kwa hakika halikuwa la sekondari. Lilikuwa ndilo swali la mada yenyewe, na mtoto yule alilifikia kabla ya mwalimu wake.

Yafaa basi kutenga mambo mawili ambayo neno moja limeyafunika. La kwanza ni kuvuta na kutoa pumzi: hewa huingia mapafuni ikiwa na oksijeni kiasi cha asilimia 21, nayo hutoka ikiwa na asilimia 16 hivi, hewa ya ukaa huingia ikiwa karibu asilimia 0.04, nayo hutoka ikiwa asilimia 4 hivi. Kazi hii ni ya uchukuzi. Kupeleka kuni jikoni na kuzoa majivu si kupika. Ni kumwezesha mpishi apike. La pili, ambalo ndilo upishi wenyewe, ni upumuaji wa seli, yaani kazi ifanywayo ndani ya kila chembe hai ya kuvunja sukari na kuifungua nishati iliyofungwa ndani yake. Viumbe wengi hawana mapafu, na wengine hawana hata matundu ya kuonekana kwa macho. Lakini hakuna kiumbe anayeishi, akakua na kuzaana pasipo seli zake kupata nishati kutoka katika chakula kwa njia kama hii.

Tukiueleza upumuaji huo kwa maneno machache, twasema hivi: sukari iitwayo glukosi pamoja na oksijeni hutoa hewa ya ukaa, maji na nishati. Watoto wakisikia hivyo hukumbuka moto, na kumbukumbu hiyo si mbaya, maana mkaa nao hutumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa na joto. Hata hivyo mwalimu asiuache mfano huo ukimbie peke yake. Moto huitoa nishati yote kwa mkupuo. Seli huitoa hatua kwa hatua, kila hatua ikisimamiwa na kimeng'enya chake. Hatua za mwanzo hufanyika katika ute wa seli, na zile zinazohitaji oksijeni hufanyika ndani ya vijumba vidogo viitwavyo mitokondria. Gramu moja ya wanga ina nishati ya kilojuli 17 hivi. Sehemu ya nishati hiyo huwekwa akiba katika kemikali iitwayo ATP, ambayo seli huitumia kama mtu atumiavyo fedha ndogondogo sokoni. Sehemu kubwa iliyobaki hutoka kama joto. Ndiyo sababu mwili wa binadamu hubaki na joto la nyuzi 37 hivi hata usiku wa baridi. Vitabu vya zamani vilifundisha kwamba glukosi moja huzaa ATP 38. Hesabu za siku hizi huonyesha kuwa ni kati ya 30 na 32. Mwanafunzi wa shule ya msingi hahitaji tarakimu hizo, lakini mwalimu wake azijue, asije akakisimamia kitabu kilichokwisha kusahihishwa.

Tena tusiwadharau watoto wanaodhani kwamba kazi yote hiyo hufanyika kifuani. Katika miaka ya 1780 Mfaransa Antoine Lavoisier, pamoja na mwenziwe Pierre-Simon Laplace, walimweka simbilisi katika chombo kilichozungushiwa barafu, wakapima barafu iliyoyeyushwa na joto la mnyama yule na kuilinganisha na hewa ya ukaa aliyoitoa. Wakatambua kwamba upumuaji ni namna ya kuungua polepole. Ugunduzi huo ulikuwa mkubwa. Walakini Lavoisier alidhani kwamba kuungua huko hutokea mapafuni. Ni wale waliomfuata, katika karne ya 19, waliothibitisha kwamba hutokea katika tishu za mwili mzima. Mtoto wa Darasa la Sita anayekosea hapo amekosea pamoja na bingwa.

Sasa nieleze lile lililonipata. Tulikuwa katika shule ya mazoezi, katika Darasa la Sita lenye wanafunzi zaidi ya sitini, na nyuma ya darasa walikaa wanachuo kumi na wawili wenye karatasi za kuchunguzia somo. Lilikuwa somo la mfano: mkufunzi hufundisha, wanachuo hutazama, kisha wote hukaa kulihakiki. Siku ya Ijumaa nilikuwa nimetayarisha chupa mbili za chai zinazolingana. Katika ya kwanza nilitia maharage yaliyolowekwa na kuanza kuchipua. Katika ya pili nilitia maharage ya kiasi kile kile, yaliyolowekwa pamoja na yale ya kwanza, kisha yakachemshwa nusu saa na kuachwa yapoe. Kila chupa niliijaza robo tatu, nikaziba mdomo wake kwa pamba, nikapitisha kipimajoto katikati ya pamba, na kuipindua chini juu ili hewa ya ukaa, iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida, ipate kushuka na kutoka. Zote mbili zilianza katika nyuzi 24. Shabaha yangu ilikuwa wazi: kufika Jumatatu chupa ya mbegu hai iwe imepata joto, na ya mbegu zilizokufa isiwe nalo.

Jumatatu nilimwita msichana mmoja aisome chupa ya kwanza. Alisoma nyuzi 33, na darasa likashangilia. Ya pili niliisoma mwenyewe, kwa kuwa muda ulikuwa umekwenda. Kipimajoto kilionyesha 30. Niliwatazama watoto walioinamia madaftari, nikawatazama wanachuo kule nyuma, nikasema, "Ishirini na nne." Wakaandika.

Sikuona wakati ule kwamba nimefanya jambo kubwa. Nilijiambia kwamba kweli ya sayansi ni ile ile: mbegu iliyokufa haipumui. Kama chupa inasema vingine, basi chupa ndiyo iliyokosea, na si haki kuwachanganya watoto kwa kosa la chupa. Somo likaisha vizuri. Katika andalio langu, sehemu ya tathmini, nikaandika kwamba somo limefaulu.

Alasiri tulikutana kulihakiki. Wanachuo walizisifu zana, wakausifu mtiririko wa maswali. Ndipo mwanachuo mmoja wa kike, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kukusanya vifaa, alipoinua mkono. "Samahani, Mwalimu," alisema, "nilipokuwa nakusanya chupa niliisoma ile ya pili. Nilikuta thelathini. Labda nilisoma vibaya."

Maneno hayo ya mwisho yalikuwa ya heshima. Alikuwa ananipa nafasi ya kujiokoa. Ningeweza kusema kwamba kipimajoto ni kibovu, na wote wangeitikia. Nakiri kwamba neno hilo lilikwisha kufika ulimini. Lakini nilifikiri kwamba watu kumi na wawili hawa wataingia madarasani mwaka unaofuata, na kila mmoja atabeba alichokiona kwangu. Nikasema, "Hukusoma vibaya, dada. Ni mimi niliyesema lisilo kweli. Sasa tusaidiane: kwa nini mbegu zilizokufa zimepata joto?"

Kimya kilikuwa kirefu. Kisha dada yule yule akasema kwamba kwao Kilimanjaro bibi yake hutengeneza kimea cha ulezi cha kutengenezea mbege. Ulezi hulowekwa na kufunikwa ili uote, na bibi huingiza mkono ndani yake kupima joto. Joto likizidi, huugeuzageuza na kuutandaza upate hewa. "Husema kwamba ukiachwa huvunda," alieleza, "na ukivunda joto haliondoki, ila harufu ndiyo hubadilika." Tuliifungua chupa ya pili. Harufu ilitujibu kabla hatujauliza. Juu ya maharage niliyoyaua kwa maji ya moto ulikuwa umeota utando wa kijivu.

Maharage yalikuwa yamekufa kweli. Lakini ndani ya chupa hamkuwa na wafu peke yao. Mbegu za ukungu na bakteria, ambazo zimo hewani, katika pamba na mikononi mwetu, ziliingia baada ya maharage kupoa, zikakuta chakula kilicholainika na maji tele, zikala, zikaongezeka, zikapumua. Joto lile la nyuzi 30 lilikuwa la upumuaji halisi. Nilitaka kuwaonyesha watoto kwamba upumuaji ni alama ya seli hai popote zilipo, hata pasipo pua. Chupa ikawaonyesha jambo hilo kwa ufasaha kuliko nilivyolipanga, nami nikaliziba kwa tarakimu ya uongo.

Kesho yake nilirudi Darasa la Sita nikawaambia watoto wafungue madaftari na kufuta 24. Niliwaeleza kwamba kipimajoto kilisema 30 na kwamba mimi sikuwaambia kweli. Nilidhani heshima yangu ingepungua. Watoto walinitazama kidogo, kisha mmoja akauliza lile swali nililostahili kuulizwa siku ya kwanza: "Sasa mbona zilipata joto, Mwalimu?" Sikumjibu. Tulitayarisha chupa tatu. Ya kwanza ilitiwa maharage hai, na ya pili maharage yaliyochemshwa, yote yakiwa yamelowekwa kwa dakika kumi katika sehemu moja ya dawa ya klorini ya kufulia na sehemu tisa za maji, na kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa. Ya tatu ilitiwa maharage yaliyochemshwa pasipo dawa yo yote. Baada ya siku tatu watoto walisoma wenyewe, wawili wawili kwa kila chupa, na kuandika ubaoni: 32, 24, 29. Mjadala uliofuata niliuongoza kwa maneno machache sana. Mvulana mmoja asiyekuwa na desturi ya kusema alizitazama tarakimu zile kwa muda, akasema, "Kumbe ile chupa haikukosea."

Kutokana na mambo hayo, ningependa kuwashauri walimu wanafunzi wanaojiandaa kuifundisha mada hii.

Kwanza, anzeni na kitu cha kushikwa. Shule isiyo na chupa za chai wala vipimajoto haikosi mbegu. Lowekeni mahindi au ulezi, funikeni kwa gunia bichi, na baada ya siku mbili au tatu kila mtoto aingize mkono wake ndani. Mara nyingi atakuwamo darasani mtoto ambaye nyumbani kwao hutengenezwa kimea cha togwa au cha pombe. Mpeni nafasi aeleze. Maarifa hayo yalikuwa vijijini kabla ya vitabu vyetu, na kazi ya mwalimu ni kuyapa sababu.

Pili, onyesheni hewa ya ukaa bila pua kuhusika. Koroga chokaa katika maji, acha itue usiku kucha, kisha mimina yale maji maangavu ya juu. Mtoto akipuliza ndani yake kwa mrija, maji hugeuka meupe kama maziwa. Mwonyeni asiyanywe, wala yasimwingie machoni. Kisha wekeni maji hayo hayo katika kikombe kidogo ndani ya chombo kilichofunikwa pamoja na mbegu zinazoota, na kesho yake myatazame. Vilevile tieni hamira na sukari katika chupa yenye maji ya uvuguvugu, mfunge mfuko wa plastiki mdomoni mwake, nao utavimba. Hamira huweza kuvunja sukari hata oksijeni ikikosekana, lakini kwa njia hiyo hupata ATP 2 tu kwa kila glukosi. Sehemu kubwa ya nishati hubaki katika kileo kinachotengenezwa. Ndiyo maana kileo huwaka kikiwashwa.

Tatu, ondoeni dhana kwamba mimea hupumua usiku tu. Mimea hupumua mchana na usiku bila kukoma. Mchana, katika mwanga, majani hujitengenezea chakula na kutoa oksijeni nyingi kuliko ile yanayoitumia, hata upumuaji usionekane. Usiku utengenezaji husimama na upumuaji hubaki peke yake. Mizizi iliyomo gizani ardhini hupumua saa zote, na hiyo ni sababu moja ya mahindi kugeuka manjano shambani panapotuama maji: mizizi hukosa oksijeni.

Nne, jaribio lolote mfanye peke yenu kabla ya kulileta darasani, na chombo cha kulinganishia mkisome kwa uangalifu ule ule wa chombo kikuu. Mbegu zilizoota ukungu zifukiwe. Wasipewe kuku, wala watoto wasizisogeze puani kuzinusa.

Ushauri huu wa mwisho si wa usafi peke yake, na hapa ndipo mada inapotoka darasani na kuingia ghalani. Mahindi yaliyovunwa yangali hai. Yakiwekwa ghalani kabla ya kukauka, hupumua kwa nguvu, na mazao ya upumuaji mmeyaona: joto na maji. Joto na maji ndivyo hasa ukungu unavyovitaka. Ukungu nao ukianza, hupumua na kuongeza joto na maji mengine, na hali huzidi kuharibika. Baadhi ya aina za ukungu hutengeneza sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafa kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara, baada ya kula mahindi yaliyokuwa nayo. Kuyaanika mahindi hadi unyevu ushuke kufika asilimia 13 hivi ni kuupunguza upumuaji hadi karibu ya kukoma. Na mifuko isiyopitisha hewa hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo: fukusi na dumuzi waliomo ndani huimaliza oksijeni kwa kupumua kwao wenyewe, wakaacha kula na hatimaye wakafa. Mtoto aliyeelewa kwa nini chupa ya pili ilipata joto anaweza kumweleza mzazi wake kwa nini gunia la mahindi mabichi lina joto katikati. Aliyeandika 24 hawezi. Amefundishwa kwamba kilichokufa hubaki baridi, na gunia litakapomwonyesha vingine atadhani gunia ndilo lililokosea.

Ndugu walimu wanafunzi, nanyi mtafikwa na siku ambayo kipimajoto hakikubaliani na andalio la somo, na watoto wamekwisha kushika kalamu. Siku hiyo someni kilichoandikwa kwenye kipimajoto. Kama hamjui sababu, semeni kwamba mtaitafuta pamoja nao, na kesho yake muitafute kweli.

Lile andalio langu la Jumatatu bado ninalo. Sikuyafuta maneno "somo limefaulu". Nimepiga mstari juu yake, na pembeni nimeandika: chupa ya pili, nyuzi 30. Wanachuo wapya wanapokuja kuazima maandalio yangu ya mfano, hilo ndilo ninalowapa kwanza.